Kiwango, Bei na Chumba Kilichopo: Historia ya Istilahi za Biashara ya Kulaza Wageni

Tarehe 25 Novemba 2005 Baraza la Ushindani la Ufaransa lilizitoza faini hoteli sita za fahari za mjini Paris, nazo ni Bristol, Crillon, George V, Meurice, Plaza Athénée na Ritz. Jumla ya faini hizo ilikuwa euro 709,000. Kosa lililothibitishwa lilikuwa la kupashana habari: watumishi wa hoteli hizo, ambazo zilipaswa kushindana, walikuwa wakipelekeana mara kwa mara tarakimu za siri za biashara yao. Tarakimu zilizotiliwa mkazo katika uamuzi huo zilikuwa za aina tatu: sehemu ya vyumba vilivyojaa, wastani wa bei ya chumba, na mapato kwa kila chumba kilichopo.

Mfasiri atakayepewa uamuzi kama huo autie katika Kiswahili atakwama mapema. Kwa mazoea ya ofisini neno 'kiwango' limefanywa punda wa kubeba mizigo yote mitatu. Bei ya chumba huitwa kiwango, kiasi cha hoteli kujaa huitwa kiwango, na mapato nayo huambiwa yamefikia kiwango fulani. Akiandika kwamba hoteli 'zilibadilishana viwango', msomaji hatajua kama zilipashana bei zao au zilihesabiana wageni tu. Na tofauti hiyo ndiyo inayoamua uzito wa jambo mbele ya sheria. Makala haya yana nia ya kueleza istilahi hizo tatu zilitoka wapi, na kwa nini watu wa kazi hiyo wakazihitaji, ili anayezifasiri azitenge kwa kujua anachokitenga.

Kwanza yafaa tuliweke sawa neno 'hoteli' lenyewe. Katika miji na vijiji vyetu vingi hoteli ni mahali pa kula: mtu huenda hotelini kunywa chai na chapati, kisha akarudi kulala kwake. Mahali pa kulala pamepata jina refu la 'nyumba ya kulala wageni', au kwa kifupi 'gesti'. Kwa hiyo 'mapato ya hoteli', kwa msomaji asiyeonywa, yaweza kuwa mapato ya wali na mchuzi. Hapa tunasema juu ya mapato ya vyumba.

Kwa muda mrefu bei ya chumba ilikuwa jambo la kutangazwa mara moja na kuachwa. Ellsworth Statler alipofungua hoteli yake mjini Buffalo, Marekani, mwaka 1908, alijitangaza kwa mambo mawili: kila chumba kilikuwa na bafu lake, na bei ilianzia dola moja na nusu. Msafiri aliijua bei kabla hajashuka garimoshi. Bei yenyewe ilipatikana kwa kuangalia upande wa mwenye mali. Wajenzi wa hoteli walikuwa na kanuni ya mkono kwamba kila dola elfu moja zilizotumika kujenga chumba ziingize dola moja kwa usiku. Baadaye ikaja fomula ijulikanayo kwa jina la Hubbart, ambayo ilianza na faida aitakayo mwenye mtaji, ikaongeza gharama zote, kisha ikagawanya jumla kwa idadi ya vyumba vinavyotazamiwa kuuzwa. Mgeni mwenyewe hakuwamo katika hesabu hiyo. Haikuulizwa yeye ni nani, anakuja lini, wala yu tayari kulipa nini.

Hata hivyo mgeni alikuwa akiipima bei kwa mizani yake. Mwaka 1951 Kemmons Wilson, mfanyabiashara wa Memphis, alisafiri na mkewe na watoto watano kwenda Washington. Njiani alikasirishwa na nyumba za wageni zilizomtoza dola mbili za ziada kwa kila mtoto, ingawa watoto walilala chumba kimoja na wazazi wao. Mwaka uliofuata alifungua Holiday Inn ya kwanza, ambamo watoto waliolala na wazazi hawakulipiwa. Twalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha mapema kwamba katika biashara hii malalamiko makali hutokana na namna bei inavyofikiwa, mara nyingi kuliko ukubwa wa bei yenyewe.

Lugha ya kwanza iliyowaunganisha wenye hoteli wa Marekani ilikuwa ya vitabu vya hesabu. Mwaka 1926 Chama cha Hoteli cha Jiji la New York kilitoa mfumo mmoja wa kuandika hesabu za hoteli. Kabla ya hapo huyu aliweka gharama za dobi chini ya vyumba, yule akaziweka chini ya jumla ya uendeshaji, na hakuna aliyeweza kujilinganisha na jirani yake. Mfumo huo umetolewa upya mara nyingi. Toleo lake la 11 lilitoka mwaka 2014. Kwa msomaji wa jarida kama hili jambo hilo halihitaji kuelezwa sana: ilikuwa kazi ya istilahi, iliyofanywa na wahasibu.

Fikra iliyokuja kuvunja desturi ya bei moja ilitoka kwa watu wa ndege. Mwaka 1972 Kenneth Littlewood, mtumishi wa shirika la ndege la Uingereza BOAC, alitoa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa taaluma hii huianza nayo hadi leo. Tuitie katika chumba badala ya kiti. Hoteli imebakiwa na chumba kimoja cha usiku wa Jumamosi. Leo amepatikana mgeni atakayelipa shilingi 60,000. Pengine kabla ya Jumamosi atatokea mwingine wa shilingi 100,000. Je, tumpe wa kwanza? Littlewood alijibu kwamba wa bei ndogo akubaliwe ikiwa bei yake inazidi bei kubwa ikizidishwa kwa uwezekano wa kutokea kwa huyo wa bei kubwa. Basi kama uwezekano huo unapita asilimia 60, chumba kishikwe. Kama haufiki, kiuzwe.

Hapa pana kitendawili ambacho muuza samaki wa pwani atakishangaa. Yeye hupunguza bei jua linapokaribia kuchwa, kwa kuwa samaki wake hawatafaa kesho. Chumba kisicholaliwa usiku wa leo kimeharibika kama samaki, tena zaidi, maana hakiwezi hata kukaangwa kikauzwa asubuhi. Hata hivyo muuza viti vya ndege hupandisha bei kadiri saa ya safari inavyokaribia. Sababu ni kwamba anayechelewa kununua aghalabu ndiye mwenye haja kubwa zaidi: mfanyabiashara aliyeitwa ghafla, au mtu aliyepata msiba. Biashara yote ya bei zinazobadilika imejengwa juu ya kumngoja mtu huyo na kumtunzia nafasi. Ni busara ya kihesabu. Kama ni haki, tutaona kwamba hata wenyewe hawakuacha kuliuliza.

American Airlines ilianza kutoa tiketi za bei ya chini zenye masharti mwaka 1977. Mwaka 1978 Marekani ilifuta udhibiti wa serikali juu ya nauli za ndege, na mwaka 1981 likazaliwa shirika la PeopleExpress, lililouza viti kwa nauli ndogo mno. Mwezi wa Januari 1985 American ilijibu kwa nauli ndogo vilevile, lakini kwa viti vichache vilivyohesabiwa na kompyuta, huku viti vingine vikitunzwa kwa wenye kulipa nauli kamili. Kufikia mwaka 1987 PeopleExpress lilikuwa limekwisha kumezwa na shirika jingine. American ilipata tuzo ya Edelman mwaka 1991 kwa kazi hiyo, na wenyewe walikadiria kuwa iliwaingizia dola bilioni 1.4 katika miaka mitatu.

Robert Crandall, mkuu wa American, ndiye anayetajwa kuwa aliipa kazi hiyo jina. Alitumia neno ambalo katika Kiingereza cha shambani ni mavuno, na ambalo watu wa ndege walikuwa tayari wakilitumia kwa maana ya mapato kutokana na kila abiria kwa kila maili. Ukilifasiri neno kwa neno utapata 'usimamizi wa mavuno', na wako waliolijaribu. Hatuoni kama linafaa. Mkulima wetu huvuna alichopanda, kwa msimu wake. Muuza vyumba hakupanda kitu, naye huvuna kila usiku. Hata katika Kiingereza chenyewe neno hilo liliachwa na watu wa hoteli, wakachukua neno la kawaida la mapato. Kwa bahati njema 'usimamizi wa mapato' ni Kiswahili kinachosimama chenyewe.

Hoteli ziliipokea fikra hii katikati ya miaka ya 1980, Marriott ikiwa miongoni mwa zilizotangulia. Lakini chumba si kiti. Abiria hukaa kitini safari moja akashuka. Mgeni wa hoteli huweza kufika Jumanne akaondoka Ijumaa, na katikati pana Jumatano ambayo mji umejaa mkutano. Ukimkatalia Jumatano kwa kumtunzia nafasi mlipaji mkubwa, umempoteza pia Jumanne na Alhamisi, ambazo hakuna mwingine wa kuzinunua. Kwa hiyo watu wa hoteli hawakutosheka na kanuni ya Littlewood. Ilibidi wapime urefu wa kukaa, na kumthamini mgeni kwa usiku zote kwa pamoja. Mwaka 1989 Sheryl Kimes wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha makala yaliyoeleza misingi ya kazi hiyo kwa wenye hoteli. Mwaka 1994 aliandika tena, safari hii akichunguza wageni wanaionaje haki yake, akakuta kwamba watu waliwavumilia watu wa ndege katika jambo ambalo hawakuwavumilia watu wa hoteli.

Kilichosaidia bei mbalimbali zivumilike ni masharti yanayoonekana. Watu wa kazi hiyo huyaita uzio: anayelipa mapema asirudishiwe fedha, anayekaa usiku wa Jumamosi apunguziwe, na kadhalika. Afrika ya Mashariki ilikuwa na uzio wake bila kusubiri nadharia, nao ni bei ya mkazi na bei ya mgeni kutoka nje, katika hoteli na katika mbuga za wanyama. Mtu huonyesha kitambulisho chake na jambo limekwisha. Wageni hununa, lakini wanaelewa wamenuniwa kwa lipi.

Sasa twaweza kuzirudia zile tarakimu tatu. Hoteli ya kwanza ina vyumba 100, usiku mmoja imeuza 90 kwa shilingi 50,000 kila kimoja. Ya pili ina vyumba 100 vilevile, imeuza 60 kwa shilingi 80,000. Meneja wa kwanza atajisifu kwa asilimia ya kujaa, 90 dhidi ya 60. Wa pili atajisifu kwa wastani wa bei ya chumba kilichouzwa. Ili kukata maneno, jumla ya mapato ya vyumba hugawanywa kwa vyumba vyote vilivyopo, vilivyouzwa na visivyouzwa. Wa kwanza amepata 4,500,000, yaani 45,000 kwa kila chumba kilichopo. Wa pili 4,800,000, yaani 48,000. Kipimo hiki cha tatu ndicho kilichokuwa sarafu ya mazungumzo ya taaluma nzima, kwa sababu hakimruhusu mtu kujificha nyuma ya nusu ya habari.

Aliyekisambaza zaidi ni Randy Smith, aliyeanzisha pamoja na mkewe kampuni ya takwimu ya Smith Travel Research mwaka 1985. Utaratibu wake ulikuwa wa kiungwana. Kila hoteli ilipeleka tarakimu zake na kutaja kundi la washindani wake. Ikarudishiwa jumla ya kundi, bila kuonyeshwa tarakimu za hoteli yoyote peke yake. Ikigawanya kipimo chake kwa kipimo cha kundi na kuzidisha kwa 100, ilijua kama imepata fungu lake la haki. Chini ya 100, fungu limeliwa na wengine. Tangu hapo meneja aliweza kukaripiwa katika mwezi ambao mapato yake yalipanda, kwa kuwa ya jirani yalipanda zaidi.

Ndiyo maana watu wanaoshindana wakawa na mengi ya kuzungumza pamoja wakutanapo. Shida zao zilikuwa moja na walizitaja kwa maneno mamoja: mgeni asiyetokea, kuuza kupita idadi ya vyumba ili kumfidia huyo asiyetokea, na aibu ya kumhamishia hoteli ya jirani mgeni mwenye haki yake wote wanapotokea. Kisha wakaja mawakala wa mtandao. Expedia na Booking zote zilianza mwaka 1996. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 vyumba vilibaki vitupu, na hoteli nyingi zikawakabidhi mawakala hao vyumba kwa bei ya kutupa. Wakala akachukua ujira wake, na katika mikataba akaweka sharti kwamba hoteli isiuze mahali pengine kwa bei ndogo kuliko aliyopewa yeye. Mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ililipiga marufuku sharti la namna hiyo la kampuni ya HRS mwaka 2013, na la Booking mwaka 2015. Ufaransa ililifuta kwa sheria mwaka 2015. Mwaka 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa hoja kwamba sharti hilo ni kiambatisho cha lazima cha huduma ya wakala.

Wakala ameleta pia fundo la istilahi ambalo halijafunguka vizuri. Ile hoteli yetu ya pili, yenye shilingi 48,000 kwa kila chumba kilichopo, huenda vyumba vyote 60 iliuziwa na wakala anayechukua asilimia 20. Kilichoingia mkononi ni 64,000 kwa kila chumba kilichouzwa, yaani 38,400 kwa kila kilichopo, na ile ya kwanza ikiwa imeuza yenyewe imemshinda mwenzake. 'Mapato' ni yapi hapa, aliyolipa mgeni au aliyopokea mwenye hoteli? Twapendekeza 'mapato ghafi' kwa ya kwanza na 'mapato baada ya ujira wa wakala' kwa ya pili. Ni maneno marefu, lakini afisa anayetoza tozo kwa asilimia ya mapato hana njia fupi. Nchini Kenya, ambako tozo ya utalii ni asilimia 2 ya mapato ghafi, neno moja likikosekana katika tafsiri ni fedha halisi.

Tukirudi Paris, kosa la hoteli zile sita halikuwa kuitumia lugha hii ya pamoja. Takwimu za jumla, zisizomtaja mtu, ni halali, na kila mfanyabiashara anazihitaji. Wao walipelekeana tarakimu za kila hoteli kwa jina lake, zikiwa mbichi, kiasi kwamba kila mmoja alijua wenzake wameuza nini na kwa wastani wa bei gani. Swali limerudi kwa sura nyingine mjini Las Vegas, ambako mwaka 2023 wateja walizishtaki hoteli kadhaa kwamba zilinunua ushauri wa bei kutoka programu ileile ya kompyuta. Shauri lilitupwa mwaka 2024, na mahakama ya rufani ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2025: kila hoteli kununua ushauri kwa muuzaji mmoja, pasipo mapatano kati yao na pasipo dai kwamba programu ilipitisha siri za huyu kwa yule, hakuvunji sheria. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2010 nazo zinakataza washindani kupatana bei. Maofisa watakaozitumia kwa wauza vyumba watahitaji kuandika kwa Kiswahili ni tarakimu ipi hasa iliyotoka kwa nani kwenda kwa nani. Wahusika wenyewe wamefundishwa kazi hiyo kwa Kiingereza, na maneno ya Kiswahili watayapokea kwetu au hawatayapata. (Wenye kumbukumbu ya 'ngamizi', iliyopendekezwa kwa kompyuta na isitumike, watajua kwamba kupokelewa nako hakulazimishwi.)

Limebaki neno 'kilichopo', ambalo ndilo gumu kuliko yote ingawa linaonekana jepesi. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga hoteli duniani kote, watu wa takwimu waligundua kwamba hoteli zilizofungwa zilikuwa zimetoweka katika hesabu. Chumba kisichouzwa kwa sababu mlango umefungwa hakikuhesabiwa kuwa kipo, na asilimia ya kujaa ikatoka nzuri kuliko hali yenyewe. Kampuni ya Smith ikalazimika kutoa tarakimu za aina mbili, moja ikivihesabu na vyumba vya hoteli zilizofungwa kwa muda. Zanzibar inalijua jambo hilo bila korona. Katika masika ya Aprili na Mei baadhi ya hoteli za pwani hufunga kabisa, na nyingine hufunga sehemu. Hoteli yenye vyumba 100 iliyofunga 40 na kuuza 30 imejaa kwa asilimia 50 ukihesabu vilivyo wazi, na kwa asilimia 30 ukihesabu vyote.

Kwa hiyo hatushauri 'kilichopo' kiachwe peke yake katika hati za serikali. Pasemwe 'chumba kilichojengwa' kwa hesabu ya jengo zima, na 'chumba kilicho wazi kuuzwa' kwa hesabu ya usiku unaohusika. Na fomu ya takwimu iwe na safu mbili, kila asilimia ikiandikwa chini ya safu iliyotumika kuipata.